Sheikh Uwesu wa Barawa: mzee aliyeuawa kwa ajili ya zikri

Ukitoka Hindi ukapita Bodhei ukaumaliza msitu, upande wa pili ni Ijara. Kwa wengi wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa, Ijara ni jina tunalolisikia katika habari za usalama tu: gari la doria, bomu la kutegwa barabarani, msitu wa Boni umefungwa. Tunasahau kwamba ile ni njia panda ya zamani. Msomali mwenye ng'ombe, Mwaweer mwenye asali na Mbajuni mwenye samaki wa chumvi walijuana pale kabla Kenya haijapata jina. Na ukikaa barazani jioni Masalani au Hulugho, chai ikiwa kwenye chupa na wazee wamejiegemeza kwenye mito, utasikia mazungumzo yale yale yanayosikika katika baraza za Lamu. Binadamu ni kiumbe wa namna gani? Dunia ya leo imeharibika wapi? Na je, inafaa mtu kuibadilisha akili yake, iwe kwa jani, kwa ngoma au kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu mpaka fahamu zihame?

Mazungumzo haya si mapya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita yaliongozwa na watu wawili wakubwa, wakajibizana kwa mashairi na vitabu, na mwisho wake damu ikamwagika. Mmoja wao Ijara inamjua vizuri: Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, ambaye Waingereza walimwita mwendawazimu na Wasomali wakamwita Sayyid tu. Waabdalla wa Ijara ni Ogaden, na yeye alikuwa Ogaden. Wa pili ni mtu wa pwani yetu, mzaliwa wa mji unaozungumza lahaja ya Kiswahili, na zikri yake bado inapigwa kutoka Unguja hadi Tabora. Huyu wajukuu zetu hawamjui. Ni Sheikh Uwesu bin Muhammad al-Barawi, ambaye Wasomali humwita Sheikh Aweys. Leo nitamzungumzia yeye.

Alizaliwa Barawa mwaka 1847. Barawa ya wakati ule ilikuwa mji wa mawe kama Lamu, wenye bandari ndogo isiyo salama wakati wa kusi, na wenyeji wake waliuita Mwini, na lugha yao Chimwini. Mmwini na Mbajuni wakizungumza taratibu hawahitaji mkalimani. Nje ya kuta walikaa Watunni, wakulima na wafugaji. Uwesu alitokea upande wa Watunni, katika familia ya kawaida isiyokuwa na jina kubwa wala ukoo wa masharifu. Jambo hili si dogo. Katika miji yetu elimu ya dini ilirithiwa kama nyumba, baba akamwachia mwana, na mtoto wa mtu wa kawaida alikaa nyuma msikitini. Hadi leo ziko familia zinazokaa mbele na familia zinazokaa nyuma, ingawa hakuna anayelitamka.

Mtoto yule alihifadhi Kurani, akasoma fikihi ya Shafii, nahau na tafsiri. Mmoja wa walimu wake alimtia katika twarika ya Kadiria, kisha akamshauri aende kwenye chemchemi yenyewe, Baghdad, alikozikwa Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki mwaka 1166. Uwesu alikuwa na umri wa miaka 20 na kitu alipofunga safari, karibu mwaka 1870. Mtu wa Barawa kwenda Baghdad wakati ule ni jahazi, pepo za msimu, na misafara ya ngamia. Alisoma kwa Sayyid Mustafa bin Salman al-Jilani, wa kizazi cha walii mwenyewe, akahiji Makka na kuzuru Madina, na akapewa ijaza ya kuwaingiza wengine katika twarika.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ukiijua Baghdad utaelewa yaliyomfika baadaye. Mji ule ulikuwa umeshabishana juu ya akili na kutoka akilini miaka 1,000 kabla ya Uwesu kuuona. Masufi wa kale waligawanyika mafungu mawili. Wako waliomfuata Abu Yazid al-Bistami, waliosema mapenzi ya Mungu ni ulevi, na aliyelewa hachukuliwi hatua kwa maneno yanayomtoka. Na wako waliomfuata Junaid wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, waliosema kwamba ulevi huo ni kituo cha njiani tu: mkamilifu ni yule anayekwenda kisha akarudi na akili yake timamu, akaswali na watu, akauza dukani bila kupunja. Kadiria ilishika njia ya Junaid. Kwa hiyo anayedhani zikri ya Kadiria ni kutafuta wazimu hajaisoma. Hali ikimshika mtu humshika, lakini haifukuzwi kama mwindaji anavyomfukuza paa. Na aliyeshikwa, wenzake wako pembeni wa kumdaka asianguke.

Alirudi Barawa mwaka 1883. Wanafunzi wake husimulia kwamba njiani alipita kwenye kaburi la Sheikh Abdirahman Zailai huko Qulunqul katika nchi ya Ogaden, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kwamba hapo alipata idhini ya kuongoza. Msomaji aichukue hadithi hii apendavyo. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu wa pwani alipita bara kwa wafugaji kwanza, akala chakula chao, akatunga kaswida kwa Kisomali akiiandika kwa herufi za Kiarabu, ili mchunga ngamia asiyejua Kiarabu naye apate la kusoma. Wanazuoni wengi wa miji yetu walikuwa hawajafikiria kabisa kuwaandikia watu hao.

Barawa aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Mwaka 1875 Wamisri wa Khedive Ismail walikuwa wameshuka Barawa na Kisimayu wakapandisha bendera yao, kisha wakaondoka baada ya miezi michache kwa shinikizo la Waingereza. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na biashara iliyowalisha matajiri wa Banadir ilikuwa inakata pumzi. Watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wanajijengea vijiji vyao katika misitu ya mto Juba, huko Gosha. Waliokuwa na kitu walikuwa na hofu ya kukipoteza, na wasiokuwa na kitu walikuwa wameanza kuinua vichwa. Katika hali hiyo vijana walikimbilia ngoma. Vitabu vya wanafunzi wa Sheikh vinaitaja ngoma moja ya usiku iliyoitwa hiikow, wanaume na wanawake pamoja, watu wakishindana kwa vyama mpaka mji ukagawanyika. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Tumewahi kuwa na beni, tumewahi kuwa na mashindano ya ngoma yaliyofilisi nyumba za watu.

Wanazuoni wengine waliipiga ngoma ile marufuku kutoka mimbarini, na vijana wakaendelea. Sheikh Uwesu alifanya jambo tofauti, na hapa ndipo ninapomwona ni mtu aliyewajua binadamu. Hakuwaambia vijana wakae kimya. Aliwasimamisha duara, akawapa mwendo, akawapa pumzi, akawapa sauti za pamoja, lakini jina linalotajwa likawa la Mwenyezi Mungu. Alielewa kwamba mwili wa kijana unataka kuyumba, na roho yake inataka kutoka kidogo katika yale magumu ya kila siku, na kwamba ukimfungia mlango huu bila kumfungulia mwingine atavunja ukuta. Wanaosimulia husema ngoma ilikufa, watu wakatubu. Huenda wamekuza kidogo, kama wanafunzi wanavyomkuzia mwalimu wao. Lakini zikri ilienea Banadir nzima, hilo halina shaka.

Aliyeiona zikri ya Kadiria Unguja au Bagamoyo anaijua. Watu husimama safu au duara, mikono imeshikana au imeanguka pembeni, huinama mbele na kuinuka kwa pamoja, na sauti hutoka kifuani, nzito, kiasi kwamba asiyeijua hudhani watu wanakohoa. Mshairi husimama akiimba kaswida juu ya mngurumo huo. Huanza polepole, hukazwa, halafu khalifa huishusha kwa ishara ya mkono, na wote hunyamaza. Madaktari wa leo wanaweza kukueleza sehemu yake: pumzi za haraka hupunguza hewa ya kaboni katika damu, mishipa ya ubongo hubana, mtu huona kizunguzungu na mwanga, vidole hufa ganzi. Ni kweli. Lakini maelezo hayo yanakueleza mlango, hayakwambii kilicho chumbani. Miaka ile ile Sheikh akiongoza zikri bara ya Banadir, mwanazuoni wa Kimarekani William James alikuwa Edinburgh, mwaka 1901 na 1902, akiwahutubia Wazungu kwamba akili tunayoitumia mchana ni sehemu moja tu ya akili, na kwamba hali hizi za ibada zipimwe kwa matunda yake na si kwa asili yake. Wawili hawa hawakujuana. Nadhani wangeelewana kuliko Sheikh alivyoelewana na baadhi ya watu wa dini yake.

Matatizo yalianza nyumbani. Wakubwa wa Barawa hawakupendezwa na mtu wa nje ya kuta kukusanya umati. Hatimaye alihamia bara, siku nyingi za safari, akaanzisha kijiji cha Biyoley. Kilikuwa kijiji cha jamaa, kama Wasomali wanavyoviita: watu wa koo mbalimbali wanaokaa pamoja chini ya sheikh, wanalima pamoja, wanasoma pamoja, na anayeingia huacha ukoo wake mlangoni. Miaka ya 1890 maradhi ya sotoka yalifagia ng'ombe kutoka Uhabeshi mpaka kusini mwa Afrika, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote hakuwa na mahali pa kwenda. Waliotoroka utumwa nao hawakuwa na ukoo wa kuwalinda. Vijiji vya namna hii vikawapokea. Ukitaka kujua kwa nini twarika ilienea, usitazame karama tu, tazama na nani alikuwa na njaa.

Unguja ndiko jina lake lilikokua zaidi. Alikwenda mara kadhaa kuanzia miaka ya 1880, na masultani Barghash, kisha Khalifa, kisha Hamid bin Thuwaini walimkaribisha. Ni ajabu kidogo, kwa sababu wao walikuwa Ibadhi na yeye Shafii wa twarika. Sababu za Barghash zilikuwa nyingi. Barawa ilikuwa chini yake, Wazungu walikuwa wanamkata vidole kimoja kimoja, Wajerumani bara ya Tanganyika, Waingereza kaskazini, na mtu mwenye wafuasi kutoka Banadir hadi Manyema alikuwa rafiki wa maana. Sidhani Sheikh hakuliona hilo. Waliomlaumu kwamba alikaa karibu mno na wafalme wana haki ya kuuliza.

Lakini tazama waliomfuata huko Unguja. Mtu wa kwanza wa kumtaja ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, Mbarawa mwenzake aliyekuwa kadhi mkubwa, mwanachuoni wa kutajwa pwani nzima, aliyefariki mwaka 1896. Huyu aliongoza tawi lake la Kadiria. Zaidi ya yeye walikuja wapagazi, wapishi, mabaharia, watu wa Manyema na Wanyasa walioletwa utumwani, wanawake waliokuwa hawana nafasi msikitini. Katika duara la zikri hakuna safu ya mbele ya masharifu na safu ya nyuma ya watwana. Kila mtu anavuta pumzi ile ile. Wakati huo huo hapa kwetu Lamu, Habib Swaleh wa Riyadha alikuwa anawasomesha watoto wa Langoni na kuyaingiza matari katika maulidi, na wenye mji wakakasirika kwa sababu hizo hizo. Hawa wawili walikuwa wa twarika mbalimbali, lakini malalamiko dhidi yao ukiyasoma utadhani yameandikwa na mkono mmoja: wanaharibu heshima ya msikiti, wanakaa na watumwa, wanapiga kelele. La kelele lilikuwa dogo kuliko yote.

Makhalifa wake walichukua zikri mpaka Tabora na nchi ya Manyema, upande wa Kongo ya leo. Karibu na mwaka 1905 Kadiria ilifika kisiwa cha Msumbiji kwa mkono wa sheikh aliyetoka Unguja. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilizunguka pwani ya kusini ya Tanganyika ikionya kuwa dunia inakwisha, na Wajerumani, ambao Maji Maji ilikuwa haijawatoka vichwani, wakawatilia shaka watu wa twarika na kuwakamata baadhi. Serikali yoyote huogopa watu wanaokusanyika usiku na kutoka wakiwa na furaha isiyotokana nayo.

Sasa tuje kwa Sayyid. Muhammad Abdullah Hassan alirudi kutoka hija mwaka 1895 akiwa mfuasi wa Muhammad Salih wa Makka, mwenye twarika ya Salihiya. Naye alikuwa sufi, watu husahau jambo hili. Alisoma, alihiji, na alikuwa mshairi ambaye Wasomali hadi leo hawajampata wa kumshinda. Alipofika Berbera aliona watu wanatafuna mirungi mchana kutwa, wanavuta tumbaku, wanakwenda makaburini kuwaomba mawalii, na Waingereza wametulia bandarini. Kwake yeye haya yalikuwa jambo moja. Mtu anayelewa jani leo atamlewa mkoloni kesho. Mwaka 1899 alitangaza jihadi na kwa miaka 20 alipigana na Waingereza, Wahabeshi na Waitaliano.

Basi kukawa na mjadala, na ulikuwa mjadala wa kweli. Sayyid alishikilia kwamba mja na Mola wake hawahitaji mtu wa tatu, hasa mtu aliyekufa, na kwamba kutawasali kwa mawalii ni mlango wa shirki. Kadiria walishikilia kwamba binadamu ni dhaifu, nafsi yake humwamrisha mabaya, na aliye dhaifu haoni haya kushika vazi la aliye karibu zaidi na Mungu. Sayyid aliharamisha mirungi na tumbaku. Kadiria hawakuona hivyo, na wengi wa masheikh wao walitumia jani na kahawa kukesha katika uradi, kama masufi wa Yemen walivyofanya na kahawa tangu karne ya 15. Na juu ya jamii, Sayyid aliona kwamba dunia iliyooza husafishwa kwa upanga. Uwesu aliona kwamba huanza kusafishwa kijijini, mtu mmoja mmoja, kwa chakula, elimu na zikri.

Nikiulizwa na mtu wa Ijara nani alikuwa na haki, sitampa jibu la haraka. Kuhusu mkoloni, Sayyid aliona mbali. Waitaliano walikodishwa Banadir na Sultani katika miaka ya 1890 na mwaka 1905 wakainunua moja kwa moja, Barawa ikiwemo, na zikri zote za Biyoley hazikuzuia hati ile kutiwa saini. Kuhusu mirungi nayo, mama wa Garissa ambaye mumewe humaliza pesa za ada kwenye jani angekaa upande wa Sayyid bila kufikiri mara mbili. Lakini kuhusu binadamu, naona Uwesu alielewa zaidi. Na mtu akianza kwa kuamua kwamba muislamu mwenzake anayezuru kaburi si muislamu tena, hatakosa sababu ya kumuua.

Sheikh Uwesu hakunyamaza. Alitunga kaswida kali kwa Kiarabu dhidi ya Salihiya, akiwashutumu kwamba wanamwaga damu za wanazuoni, wanahalalisha mali na wanawake wa watu, wanazuia elimu na wanazuia kuzuru mawalii. Si maneno matamu, na hayatoki kwa mtu mpole kama anavyochorwa na wanafunzi wake. Sayyid alijibu kwa mashairi na kwa maandishi ya kidini. Kaswida zilisafiri na misafara ya ngamia kama leo sauti zinavyosafiri kwenye simu, kila mmoja akimtumia mwenzake na kuongeza chumvi. Na kama ilivyo leo, walio mbali na moto walizidi kuuchochea.

Tarehe 14 Aprili 1909, kikosi cha madarwishi wa Sayyid kilishambulia Biyoley. Sheikh alikuwa mzee wa miaka 62 hivi, na wafuasi wake walikuwa watu wa jembe na mbao za kuandikia. Aliuawa pale kijijini pamoja na wanafunzi wake wengi. Habari ilipomfikia Sayyid, inasimuliwa kwamba alitunga beti za kushangilia, akimwita marehemu mchawi na kusema mvua imenyesha kwa sababu ya kifo chake. Watu wa bara walizijua beti hizo kwa moyo. Nimewahi kuwasikia wapenzi wa mashairi ya Sayyid wakizisoma kwa fahari ya lugha tu, bila kufikiria ni nani aliyelala chini yake.

Salihiya hawakufaidi kitu. Kifo kile kilimfanya Uwesu kuwa shahidi, na koo nyingi za kusini zilizokuwa zinasitasita ziligeuka. Mwaka 1920 ndege za Waingereza zilipiga ngome za Taleh, na kabla ya mwaka kwisha Sayyid alikufa kwa homa ya mafua huko Imi. Kaburi lake halijulikani vizuri lilipo.

Barawa ilimlilia Sheikh kwa njia yake. Mwanafunzi wake Sheikh Qasim bin Muhyiddin, aliyeishi kati ya 1882 na 1922, alimtungia na kuitunza njia yake. Dada Masiti, yule bibi mshairi aliyefariki mwaka 1919, alikuwa katika kizazi hicho hicho cha watunzi waliomfundisha mwanamke wa jikoni dini yake kwa Chimwini. Mkusanyo wa habari na karama za Sheikh, Jawhar al-Nafis, ulichapishwa Cairo mwaka 1964, na ndimo yalimotoka mengi yanayojulikana juu yake. Msomaji wake akumbuke tu kwamba umeandikwa na wapenzi.

Ijara ilibaki katikati. Mwaka 1925 Waingereza waliwapa Waitaliano Jubaland, mpaka ukapita, na watu waliokuwa na masheikh upande mmoja na malisho upande mwingine wakaambiwa wachague. Hawakuchagua, waliendelea kuvuka. Kilichovuka pamoja nao ni mjadala ule. Kuanzia mwaka 2008 Al-Shabaab walipoishika kusini mwa Somalia walibomoa makaburi ya mawalii mji kwa mji na kuzuia zikri na maulidi. Mwaka 2015 serikali yetu ilianza operesheni ya msitu wa Boni, na Waaweer wa Ijara na Lamu wakakatazwa msitu uliowalisha asali na dawa, kwa sababu ya watu wenye bunduki wanaodai kuisafisha dini. Mtoto wa Bodhei aliyekosa shule kwa sababu hiyo hajamsikia Uwesu wala Muhammad Salih, lakini anaishi ndani ya ugomvi wao.

Na jani nalo bado liko mezani. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, Rais akasema amri hiyo haina nguvu, mahakama ikaisimamisha, na wiki nzima redio zetu hazikuwa na habari nyingine. Wakulima wa Embu wakasema ni mazao yao, wazazi wa Kisauni wakasema ni watoto wao. Katika kelele zile zote nilisikia habari za kodi, za katiba na za kura. Sikusikia mtu akiuliza vijana wale wanatafuta nini wanapotafuna, na nani amewapa kitu kingine cha kufanya baada ya isha. Sheikh alipoikuta hiikow Barawa alianzia hapo.

Unguja zikri yake bado inapigwa, hasa miezi ya maulidi, na huko Tabora na Bagamoyo pia. Ukisikia mtoto anaitwa Awesu au Uwesu katika visiwa vyetu, muulize babu yake jina lilitoka wapi. Wengine watakwambia ni la tabiin Uwais al-Qarni wa Yemen, na ni kweli. Wengine watakutajia Barawa.